Barua ya Kuomba Pampu

Mimi ni katibu wa kikundi cha bustani hapa Mlali, wilayani Kongwa. Tuko watu kumi na wawili, kisima kimoja na kamba moja. Kila asubuhi navuta ndoo arobaini za kumwagilia vitunguu vyangu, na mgongo umeshakataa. Niliposikia kwamba shirika moja lenye ofisi Kikuyu, kule Dodoma mjini, linagawa pampu za sola, niliitaka hiyo pampu kuliko nilivyowahi kumtaka mume wangu, na mwenyewe nilimwambia hivyohivyo.

Masharti yalikuwa barua ya Kiingereza, isizidi ukurasa mmoja, na mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni.

Jumatatu tukakaa kikao. Mwenyekiti wetu, Mzee Elisante, karani mstaafu wa serikali, alikuja na kamusi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikaandika "We ask", nikadhani tumeanza.

"Futa," akasema. "'Ask' ni la kuulizia njia ya stendi. Ofisini tunasema 'request'."

"'Request' ni la kuomba wimbo redioni," akasema Ernest, mwalimu wa shule ya msingi. "Tuseme 'appeal', wajue hali ni mbaya."

"'Appeal' si la mahakamani?" akauliza Mama Tereza, mweka hazina, aliyewahi kukata rufaa kwa ajili ya mbuzi. "Huko mimi sirudi. Tuseme 'pray'."

"'Pray' ni kwa Mungu, mama."

"Na pampu inatoka kwa nani?"

Nikawaambia kwa Kiswahili yote hayo ni kuomba tu. Chumvi naomba, kazi naomba, Mungu namwomba. Wakanitazama kama niliyetema mate kanisani. Mzee Elisante akafunua kamusi, akakuta "beseech", yaani kusihi, akalitamka mara tatu huku amefumba macho. Alisema hilo hata mzungu hawezi kulikataa.

Jumatano tukapiga kura. Kila neno likapata watu watatu. Mimi kwa hasira nilipigia "beseech". Mwenyekiti akaamua yaingie yote manne.

Sasa, kwetu mtu haendi kuomba jembe akalitaja mlangoni. Anauliza mvua, anauliza ng'ombe, anauliza habari za shangazi aliyeolewa Mtera, anakunywa uji, anaaga. Akishafika uani ndipo anageuka: "Halafu, lile jembe lako..." Akilitaja mapema, ataonekana hana adabu. Barua tuliiandika kwa adabu hiyohiyo. Tukamsalimu mkurugenzi, mkewe na watoto, tukaeleza mvua za Kongwa na afya ya mifugo, tukaomba kwa maneno yote manne, na nafasi iliyobaki ikatosha sahihi na muhuri. Nilikuwa nimechoka, sikuirudia kuisoma. Alhamisi Ernest akaipeleka.

Ijumaa saa tisa na nusu tuko bustanini, simu ya Mzee Elisante ikaita. Akaweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Shikamoo mzee. Naitwa Bupe, napiga kutoka shirika. Barua yenu nzuri sana, mkurugenzi ameisoma kwa sauti ofisi nzima. Ila hatujaona mnaomba nini, na orodha nafunga saa kumi."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili.

"Marahaba, binti," akasema Mzee Elisante, ametulia kabisa. "Kwanza, huko mjini mvua imenyesha?"

"Kidogo, mzee. Sasa mnaomba..."

"Na wazazi hawajambo?"

"Hawajambo, wako Mbeya."

"Mbeya! Viazi vya huko vinasemaje mwaka huu?"

Ilipofika saa kumi kasoro dakika tano, viazi tulishavimaliza na tulikuwa kwenye miguu ya bibi yake Bupe. Nikamnyang'anya simu. Mzee wa miaka sabini, mwenyekiti wangu, nikamnyang'anya.

"Pampu!" nikapiga kelele. "Tunaomba pampu ya maji! Mgongo wangu umekwisha!"

"Haya dada, pampu moja, nimeandika," akasema Bupe. "Asante. Nilishaanza kuogopa."

Mzee Elisante akachukua simu yake, akaifuta kwenye shati. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kuona mtu anaomba namna ile, tena amesimama. Wiki tatu hakuna aliyenisalimia. Nililia, nisiseme uongo. Nawapenda watu wale, na bustani isiyo na umbea ni kazi tupu.

Kisha pampu ikaja. Ikafungwa, maji yakaruka, na wa kwanza kushika mpira wa maji alikuwa Mzee Elisante. Akamwagilia vitunguu vyake mpaka vikaogelea. Alipomaliza akaniita kwa kidole, akatazama kushoto na kulia kama kuna anayesikia.

"Zipora," akanong'ona, "kumbe ungeomba mbili."