Hadubini za Mlango wa Nyuma

Tawi la chuo lilianzia kwenye duka la zamani la samani, na mpaka leo darasa moja bado lilinuka vanishi. Tawi lilikua haraka kuliko mfuko wake. Mwaka huu lilikuwa na maabara mbili na hadubini za kutosha moja tu, na wakaguzi ndio hao wanashuka garini.

Mkuu wa tawi, mwanamke asiyejua kukata tamaa wala kunyamaza, alikuwa na mpango. Wageni wakishaona maabara ya kwanza angewakalisha kwa chai, na huku nyuma wanafunzi wangezihamishia hadubini maabara ya pili kwa mlango wa nyuma. Maabara ya pili ikikataliwa, baadhi ya wanafunzi wangepelekwa makao makuu ya chuo, safari ya siku nzima. Miongoni mwa wanafunzi wapya alikuwemo mdogo wake, na huyo ndiye aliyekuwa akimuuguza mama yao kitandani.

Chai ikanywewa. Mkuu akapiga soga mpaka koo likamkauka. Walipoingia maabara ya pili, hadubini zilikuwa zimepangwa mezani, na mdogo wake kasimama kando, koti jeupe limemganda mgongoni kwa jasho.

Mkaguzi mkubwa, mzee wa upole wa kutisha, akagusa taa ya hadubini, akaondoa kidole upesi. Ilikuwa ya moto. Kule maabara ya kwanza zilikowashwa ili zipendeze, hakuna aliyekumbuka kwamba taa huchelewa kupoa.

Akauliza kama humu mlikuwa na kipindi.

"Ndiyo, mzee," mdogo mtu akawahi. "Tumetoka sasa hivi."

Mkuu akaona haya. Uongo wake sasa ulisemwa na mtoto aliyemlea kwa kumbeba mgongoni.

"Ananisitiri tu," akamwambia mkaguzi. "Ni zilezile ulizoziona kule."

Mkaguzi hakufoka, heri angefoka. Alisema atapitisha maabara moja, nayo inatosha kundi moja. Kundi jingine lihamie makao makuu muhula ujao. Mkuu achague mwenyewe.

Wanafunzi walioanza na tawi walikuwa wamebakiza mitihani ya mwisho. Wapya ndio kwanza wameingia. Hesabu ilikuwa nyepesi, ila ilimwondoa mdogo wake.

"Wabaki walioanza na tawi," alisema, macho sakafuni.

Mdogo wake akavua koti, akalikunja, akaliweka mezani.

"Dada," akauliza taratibu, "mama nitamwambia mimi, au utamwambia wewe?"