Daftari Lisilo na Sifuri

Barua ya kunikatia ruzuku ilikuwa na aya nne, na tatu za kwanza zilinisifu. Zilisifu miaka kumi na tisa niliyohesabu ndege kwenye mabwawa ya majitaka, zikasifu uvumilivu wangu, zikasifu hata ramani zangu, ambazo najua fika hakuna aliyezifungua. Aya ya nne ikasema ruzuku haitaendelea. Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa nilikuwa nakusikia kwa watu. Siku hiyo nilipakwa mimi, tena mwili mzima.

Basi nikaenda kufanya kazi dukani kwa dada yangu, mkabala na ofisi ya vizazi na vifo. Nina shahada ya uzamivu, natoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa. Dada ana huruma, lakini ana ulimi pia. "Hesabu hizo karatasi, daktari," huniambia mbele ya wateja. "Hizi angalau haziruki."

Duka hufunguliwa saa moja asubuhi. Vitwitwi nao huhesabiwa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Kwa asiyewajua, hao ni ndege wadogo wa miguu myembamba, wanaokimbiakimbia kwenye tope kama watu waliochelewa kazini. Kila mwaka huja kukimbia baridi ya kwao, kisha hurudi. Mimi siwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hesabu ingekatika. Na hesabu ya namna hiyo ikishakatika, utaiunga, lakini fundo litaonekana milele.

Aliyeiokoa ni mjomba wangu. Alikuwa mgonga kengele wa shule, na alipostaafu, miaka tisa iliyopita, nilimfundisha kuhesabu ndege nikamfanya msaidizi. Watoto wa mtaani wakambandika jina la Darubini. Ruzuku ilipokatwa alicheka tu. "Pesa ndizo zilizoondoka," akasema, "miguu yangu ipo." Akaendelea kupanda baiskeli kila alfajiri, miezi mitatu mizima, bila malipo, goti la kushoto limevimba.

Kuna mfuko mdogo unaowashika mkono watafiti wa ndege waliopoteza ruzuku, kwa miezi sita tu, wasizame wakati wanatafuta pa kushika. Niliomba. Sharti lake kubwa lilikuwa kumbukumbu zisizokatika. Ijumaa moja afisa wa mfuko, mama mwenye sauti ya upole, akanipigia simu dukani.

"Umepita," akasema. "Tuletee hesabu za miezi mitatu ya mwisho kabla ya Jumatatu jioni, tutie saini."

Nilipiga ukelele, mteja akaangusha cheti chake cha ndoa. Dada akanikumbatia. "Nenda zako kwa ndege wako," akasema, "nami nipate mtu anayejua kuwachekea wateja."

Jioni hiyo niliketi na daftari la mjomba. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kuchonga: tarehe, saa, upepo, idadi. Mia mbili na tatu. Mia moja tisini na nane. Mia mbili arobaini. Nikawa naziingiza kwenye kompyuta huku naimba. Nilipofika mwezi wa pili nikaacha kuimba. Hapakuwa na sifuri hata moja.

Katika miaka kumi na tisa sijawahi kupata mwezi usio na sifuri. Mwewe hupita, wote wakatimka. Mafundi wa mabwawa hufungulia maji, tope likafunikwa. Sifuri ni sehemu ya kazi. Nilimwambia mjomba siku ya kwanza kabisa: sifuri maana yake nimekwenda, nimetazama, hakuna. Nafasi tupu maana yake hakuna ajuaye. Ukivichanganya hivyo viwili, heri ukae nyumbani ulale.

Nikafungua sanduku la madaftari ya zamani. Sikutafuta sana. Mia mbili na tatu, mia moja tisini na nane, mia mbili arobaini: ilikuwa wiki ya kwanza ya mjomba kazini, mimi nimesimama nyuma yake namsahihisha. Alikuwa amenakili, siku kwa siku, mwaka wetu mzuri kuliko yote, akiziruka sifuri zake. Nilishikwa na hasira. Nilimtukana kimoyomoyo, kaka wa mama yangu, Mungu anisamehe. Nilidhani alikuwa analala.

Jumapili, kabla jua halijachomoza, nilikwenda mabwawani nikahakikishe. Nikaikuta baiskeli yake imeegemezwa kwenye uzio. Mwenyewe alikuwa juu ya tuta, amekalia ndoo iliyopinduliwa, darubini shingoni, mkononi kile kidude cha chuma cha kubonyezea hesabu. Mbele yake tope lilikuwa laini, halina hata alama ya unyayo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Hakugeuka. "Nilijua utakuja."

"Wako wapi?"

"Wangekuwepo, ungekikuta kidole changu kimelala hivi?"

"Tangu lini?"

Alivua kofia akaiweka gotini. "Tangu ulipoanza kazi ya duka. Siku ya kwanza nikasema ni mwewe. Siku ya pili nikasema upepo. Wiki ya pili nikasema macho yangu yamechoka, nikaenda kubadilisha miwani. Miwani ni mizuri sana. Naona mpaka ng'ambo kwamba hakuna kitu."

"Na ulikuja kila siku?"

"Kila siku. Mara mojamoja nilipata wawili, watano. Siku zipi, sikumbuki. Sikuandika."

"Kwa nini, mjomba?"

"Ulikuwa unarudi jioni na wino mikononi, husemi na mtu. Nikuletee sifuri tisini? Mgonjwa hapelekewi habari za msiba."

Hasira yote iliniishia pale pale, ikabaki huzuni, nayo ilikuwa nzito kuliko hasira. Niliketi chini kwenye nyasi zenye umande. Tulikaa mpaka saa mbili, kama sheria ya kazi inavyotaka, na hakuja hata mmoja.

Jumatatu asubuhi nilimpigia afisa nikamweleza yote. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini nimewafukuza vijana kazini kwa kubuni ndege kumi. Nisingeweza kuwauza elfu kadhaa.

"Nashukuru kwa kusema kweli," akasema. Kisha akapumua. "Lakini dada yangu, sifuri miezi mitatu, mahali palipokuwa na mamia? Hiyo ndiyo dharura yenyewe! Mngetuletea hizo sifuri, tungekuja wenyewe na vyombo tupime maji na tope. Ungekuwa wa kwanza kwenye orodha."

"Alikuwepo kila siku. Muulizeni."

"Namwamini. Ila neno la mtu haliingii kwenye jedwali, hasa mtu aliyekwisha kuandika mengine. Miezi hiyo itabidi iwe tupu. Na ikiwa tupu, kumbukumbu zimekatika. Samahani sana."

Nikaiweka simu chini. Miaka kumi na tisa ikaishia kwenye nafasi tupu. Vitwitwi wameondoka, na hakuna atakayejua ni wiki gani, wala nini kiliwafukuza. Dada, aliyesikia yote, alinisogezea kiti bila utani wowote.

Adhuhuri mjomba akaingia dukani. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la siku za kengele, na kidude cha kuhesabia amekifunga kwenye leso.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa, mjomba."

"Kwa sababu yangu."

Dada aliniangalia. Nilikuwa nimesema kweli asubuhi hiyo, na nilikuwa nimekwisha kuona faida yake.

"Hapana," nikasema. "Wanasema bwawa lisilo na ndege halina cha kutafitiwa. Hata ungeziandika sifuri zote tisini, jibu lingekuwa lile lile."

"Hazikuwa na faida?"

"Hata kidogo."

Alinitazama kwa ile miwani yake mizuri. Kisha mabega yake yakashuka. "Afadhali," akasema. "Tangu jana sijalala, nikidhani nimekumaliza kwa mkono wangu mwenyewe." Akatoa daftari jipya mfukoni, bado lina harufu ya duka. "Basi kesho nitaanza kuandika sifuri. Kama hazina faida, hazina madhara pia, au sivyo?"

"Ndivyo, mjomba."

Aliazima rula kwa dada, akaanza kuchora safu kwenye meza ya wateja: tarehe, saa, upepo, idadi. Nilimshikilia daftari lisiteleze.