Mtihani wa Kambini

Cleotha Bascombe alikaa kwenye kiti cha daktari, nacho kiti kikalia. Kilo mia na arobaini, na goti moja la chuma. Kwa miaka minane kazi yake ilikuwa moja: kusimama mstari wa mbele katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na kuwazuia wanaume wenye maungo kama yake wasimfikie mrusha mpira. Aliwazuia kwa kichwa. Hakuna aliyemwambia atumie kitu kingine.

Sasa kichwa chenyewe kilikuwa kimechoka, naye alikuwa na miaka arobaini na minane tu.

"Nilikutajia maneno matano, Bwana Bascombe," alisema daktari, mama wa makamo. "Unayakumbuka?"

"Chungwa." Akatafuta. "Chungwa, daktari. Na lile lingine."

Daktari akaandika. Alikuwa ametumwa na mfuko wa wachezaji wastaafu, unaoendeshwa na wakubwa wa ligi, wale wanaotazama mechi nyuma ya vioo huku wakiletewa kamba wa kukaanga. Ikithibitika kwamba akili ya mchezaji imeshuka, mfuko humpelekea mtu wa kumwangalia nyumbani. Cleotha alimhitaji mtu huyo. Mkewe, Lavonne, aliyemfichia aibu zake zote, alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Binti yao Denisha, nesi, alikuwa amepata kazi mbali, jijini Houston, aanze Jumatano. Vitu vyake vilishapakiwa garini. Lakini alishasema: "Sitoki hapa Opelousas, Baba, mpaka pawe na mtu humu ndani." Mwezi uliopita Cleotha alifungulia gesi, akasahau kuiwasha, akaenda zake kukaa barazani.

Daktari alitoa karatasi ya zamani, akailaza kando ya ile mpya.

"Huu ni mtihani wako wa kwanza, wa kambini, kabla hujacheza mechi hata moja. Siku ile ulikumbuka neno moja kati ya matano. Leo pia moja. Saa ya ukutani uliyoambiwa uchore ilikuwa na namba tisa badala ya kumi na mbili. Ya leo ina kumi. Hujashuka. Kwa kanuni za mfuko, wewe ni mzima."

Cleotha aliitazama karatasi ya zamani. Kambi ile aliikumbuka kuliko asubuhi ya leo. Wachezaji wakongwe waliwakalisha wapya chini wakawafunda: jibuni kama mabwege. Ukigongwa kichwa, ukapimwa tena, watamkuta bwege yuleyule na watakurudisha uwanjani. Ukijibu kiprofesa, siku utakayoyumba nafasi yako anapewa mwingine. Siku ya mtihani kocha alipita nyuma ya Cleotha, akaiona saa yenye namba tisa, akacheka, akampiga bega. "Huyu atadumu humu," alisema.

"Nilidanganya, mama," Cleotha alisema sasa. "Tulidanganya wote. Kocha alituona."

"Wengine wameniambia hivyohivyo. Lakini lazima kocha athibitishe kwa sahihi yake." Daktari alishusha macho. Kocha yule siku hizi alikuwa mkubwa kwenye ligi yenyewe. "Alishaulizwa. Anasema hakumbuki."

"Kama hakumbuki, basi mpelekeeni yeye huyo mtu wa kumwangalia."

Daktari aliuma mdomo, akagonga muhuri kwenye karatasi mpya, akamkabidhi.

Nje alikuwa akingojwa na Percy Guidry, kinyozi, ndani ya pikapu yake. Walicheza pamoja shuleni. Percy alikuwa mrusha mpira, na Cleotha ndiye aliyekuwa ukuta wake.

"Wamesemaje, jitu?"

"Mimi mzima."

"Wewe? Juzi ulinyoa nywele kwangu mara mbili!"

"Na ukanitoza mara mbili, mwizi wewe."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikawaishia. Cleotha aliikunja karatasi.

"Nikimpa Denisha hii, ataondoka. Mtoto ana miaka thelathini, Percy. Asizeeke akinitafutia viatu. Nilijifanya bwege kwa ajili ya wale mabwana. Kwa mwanangu nashindwa kujifanya mzima?"

Percy hakubishana. Alifungua droo ya gari, akatoa plasta nyeupe, akamzungushia kwenye kifundo cha mkono, chini ya mkono wa shati, kama alivyokuwa akijifunga yeye enzi za shule ili asisahau mipango ya mchezo. Akaandika kwa kalamu ya wino mzito, na njia nzima akawa anamuuliza maswali, Cleotha anachungulia na kujibu.

Nyumbani palinukia maharage mekundu, na kwao hayo hupikwa Jumatatu tu, kwa hiyo ilikuwa Jumatatu. Hilo halikuhitaji plasta.

Denisha aliisoma karatasi amesimama, mara mbili.

"Mzima?"

"Muhuri huo hapo."

"Dawa zako za presha ziko wapi, Baba?"

Cleotha alijikuna mkono. "Kabati la kushoto, juu ya sinki."

"Ufunguo wa akiba?"

Akajikuna tena. "Kwa Percy."

Denisha alikuwa amekulia pembezoni mwa viwanja, akiwaona wachezaji wakisoma mipango mikononi mwao.  Alimshika baba yake mkono kwa upole, akakunja mkono wa shati, akasoma. Dawa, kabati la kushoto. Ufunguo, Percy. Gesi, zima. Na mstari wa mwisho: Denisha anakwenda Houston.

"Na hili pia ilibidi uandikiwe?"

"Nenda, mwanangu. Wao wamesema mimi mzima."

"Wao wamesema mengi."

Alitoka. Cleotha alisikia buti la gari likifunguliwa, kisha magurudumu ya sanduku yakirudi juu ya mbao za baraza. Alitaka kumpigia kelele, amfukuze, hata amtukane ikibidi. Badala yake alikaa, na kiti kikalia. Alichokionea haya kuliko vyote ni kwamba moyo wake ulikuwa umetulia.

Denisha alipita na sanduku, akalisimamisha ukutani, akaenda kupunguza moto chini ya maharage.

"Vua hiyo plasta," alisema bila kugeuka. "Na unawe. Chakula tayari."

Cleotha alitafuta ncha ya plasta kwa kucha. Vidole vyake, vilivyovunjika mara saba, havikuipata.