Kawa ya Arusi na Bwana Afya

Mabrouka alivuta gunia la mahindi Jumatatu asubuhi akamkuta panya amelala chali, amekufa. Akashika kichwa. Ilikuwa wakati wa vita vya Hitla, tauni imeingia Nairobi, na amri Kibra nzima waliijua: panya akifa ndani, sema, nyumba itafungwa siku tatu ifukizwe dawa. Na Ijumaa alikuwa anamwoza bintiye Suad, humo humo ndani.

"Hodi wenyewe!"

Huyo alikuwa bwana afya, Gerishon wa Kawangware, na fimbo yake ya kuchokoa mapaa.

Mabrouka akamfagilia panya kwenye sinia, akamfunika kwa kawa ya kufunikia chakula iliyokuwa karibu: ile ya arusi, nyekundu na manjano, aliyoifuma miezi minne. Nani angethubutu kuigusa?

Mumewe. Mzee Abdelrahim, sajini mstaafu, hakuacha mgeni atoke kwake na njaa, hata kama mgeni ni serikali.

"Keti, Bwana Afya. Chakula naona kipo."

"Hakijaiva!" Mabrouka akasema.

"Hakijaiva, na umekifunika hivi? Mama Suad, uchoyo umeanza lini?" Akamgeukia mgeni. "Hebu tazama kazi ya mke wangu." Akaifunua.

Gerishon akainama, akamtazama panya.

"Ahsante, mama," akasema Gerishon polepole. "Lakini mimi nyama nimekatazwa na daktari."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mabrouka alilia. "Mwanangu, Ijumaa ni arusi!"

Gerishon alikuwa ameshaanza kummwagia panya mafuta ya taa. "Panya akipoa, mama, viroboto wake wanatafuta makao mengine. Leo wangekuhamia wewe, Ijumaa wangekuwa na bibi arusi." Akahesabu kwa vidole. "Tukifunga sasa hivi, Alhamisi jioni nafungua. Ungenificha mpaka kesho, Suad ungemwozea barabarani."

Panya akachomwa, na kawa pamoja naye. Kwa kawa, Mabrouka alilia upya.

Alhamisi mlango ulifunguliwa kweli. Ijumaa Gerishon alikaribishwa mbele kabisa, akawekewa sinia lililofunikwa kwa kawa ya kuazima.

"Kula, mwanangu," Mabrouka akasema.

Gerishon akachukua fimbo yake, akainua kawa kwa ncha, akachungulia.

"Pilau," akatangaza, kama anayesoma ripoti.

Vigelegele vikapigwa, na cha Mabrouka ndicho kilichosikika zaidi.