Ndege Iliyokaa Chini Majini

Jumatano saa nne asubuhi ndege ya uokoaji ilitua majini bandarini Cairns, Australia, na fundi Clarrie Dunstan akaenda ofisini kumpa Nola Hegarty hesabu. Nola ndiye aliyeandika kadi ya ndege hiyo tangu ianze kazi: kila safari, na kila mtu aliyetolewa baharini.

"Wawili hai," Clarrie alisema. "Ila imekaa chini mno. Kuna wengine saba."

"Wafu?"

"Wale sita wa siku zote, na mgeni mmoja. Sukari wameimaliza."

Wafu walianza kupanda mwezi wa tatu. Ndege ikitua kuokoa walio hai, wao hupandia upande wa pili, wakakaa vitandani wakichuruzika maji. Hawakumsumbua mtu. Tatizo lilikuwa uzito. Ribiti, misumari inayoshikilia mabati ya ndege, zilifyatuka, na mafundi wakawa wanachukua penseli za Nola kuzibia matundu.

Mgeni mmoja. Ndege ya Keith, kaka yake Nola, ilianguka baharini Jumapili. Jumatatu kamanda alimsomea Nola maneno, naye akayaandika kwenye kadi: Imetafuta kwa muda wa saa kumi, haikuona kitu. Tangu hapo chakula hakikumshuka.

Alimkuta Keith ndani ya ndege, kitanda cha kushoto, kiatu kimoja hana.

"Umekonda, Nolly."

"Na wewe umelowa. Mama bado anakuwekea sahani."

"Jumatatu walituona. Tulikuwa watatu kwenye boti la mpira. Wakatuzunguka mara mbili, wakaondoka."

Rubani alikuwa pembeni anakunywa chai. "Tulibeba bia za bwalo la maofisa, kambini kule kisiwani," alisema. "Kreti arobaini. Kwa mzigo ule nisingetua kwenye mawimbi. Niliuliza kwa redio kama nizitupe, nikaambiwa nizifikishe."

"Andika hivyo, dada," Keith alisema. "Usipoandika, Mama ataambiwa nilipotea tu, basi. Atangoja mpaka azeeke."

Nola aliandika hivyo kwenye kadi. Kamanda alisoma, akauliza kwa upole kama Keith amepata chai. Kisha akachukua rula, akaukata mstari ule kwa wino mwekundu.

"Kadi ni ya waliookolewa, binti."

"Mama yetu je, afande?"

"Barua yake imeshakwenda."

Alhamisi asubuhi ndege ilipakiwa kwenda kisiwani. Clarrie alipitisha kreti za bia mlangoni moja moja. "Jamani, sogeeni kidogo," alisema. Keith akakunja magoti, na wenzake wakabanana, mpaka zote arobaini zikaenea.