Punje Elfu Kumi na Nne

Begi la binti yangu lilikuwa mlangoni tangu asubuhi, limefungwa zipu hadi mwisho, na mswaki wake haukuwepo bafuni. Shangazi yake alikuwa anakuja kumchukua saa sita mchana. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Nilijitakia mwenyewe. Siku tisa kabla, nilirudi kutoka kazini nikakuta sufuria imeungua mpaka mpini umeyeyuka, moshi umejaa jikoni, na yeye yuko chumbani kwake, vipokea sauti masikioni, anapiga watu risasi kwenye kompyuta. Sikuuliza kitu. Nilisema, "Toka! Toka nyumbani kwangu, ukaishi na hao unaocheza nao!"

Mtoto mwingine angenuna siku mbili, yakaisha. Huyu tunamwita Sindano, kwa kuwa ni mwembamba na anachoma palepale. Jioni ileile alimpigia simu shangazi yake akaomba chumba. Baba yake aliondoka Sindano akiwa na miaka minne. Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyebaki kutusaidia, kwa hiyo sikuweza hata kumchukia. Tangu siku hiyo, kati yangu na binti yangu ilikuwa shikamoo na marahaba, basi.

Mimi ni mtunza ghala la dawa hospitalini. Nina diploma ya ugavi na miaka kumi na minane ya kuhesabu maboksi. Kuomba msamaha hakukuwa kwenye mtaala. Nilibisha mlango wake nikiwa na vikombe viwili vya chai.

"Unafanya nini?"

"Natafuta punje," alisema bila kugeuka.

Punje ndiyo hela ya mchezo wake. Nilivuta kiti, na kwa kuwa hakunifukuza, niliuliza maswali. Kumbe mnaingia kwenye mji uliohamwa, mnaokota vya thamani, na mna dakika ishirini na tano za kufika getini. Ukipita geti na mzigo wako, unauuza, unapata punje. Ukiuawa kabla ya geti, umepoteza kila ulichobeba. Msimu ulikuwa unaisha siku hiyo saa sita mchana, na vitu vyote vya wachezaji vingefutwa, isipokuwa vilivyo ndani ya sanduku la chuma. Sanduku linauzwa punje elfu kumi na mbili. Sindano alikuwa na mia tatu, na rafiki anayecheza naye alikuwa safarini.

"Kwa shangazi hakuna kompyuta," alisema. "Angalau nijue vitu vyangu viko salama."

"Nitacheza na wewe."

Aligeuka kunitazama kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa. "Mama, wewe unaandika ujumbe kwa kidole kimoja."

"Kidole hichohicho kimekulisha uji. Lete."

Aliniwekea mchezo kwenye simu yangu, akanionyesha pa kubonyeza ili nitembee, pa kuokota, pa kuweka chini. Kupiga risasi alisema nisijaribu, nitamuua yeye.

Tuliingia. Dakika tano za mwanzo nilitembea nikigonga ukuta. Halafu nikafungua mkoba wake nione amepakia nini, na hapo nikawa mtu mzima tena. Mkoba ulikuwa na vyumba vidogo ishirini, na bunduki moja kubwa ilikuwa imelala kwenye vyumba vinane.

"Nani alikufundisha kupakia hivi?"

"Mama, hiyo bunduki ni punje elfu mbili!"

"Na inakula vyumba vinane. Hili boksi la dawa ya ganzi ni mia tisa, chumba kimoja. Tupa bunduki."

Nilimsikia akipiga hesabu kwa kunong'ona.

"Mama, wewe ni mwizi wa kuzaliwa."

"Nina diploma."

Alicheka, akajikaza haraka, lakini nilikuwa nimeshasikia.

Tulifika karibu na geti mikoba imejaa. Risasi zikaanza kulia kutoka juu ya ghorofa. Sindano akapiga kelele, "Toka! Mama, toka! Toka!"

Nilisimama. Katikati ya barabara, hatua tatu kutoka getini, nikasimama kabisa.

"Unamwambia nani toka?"

Kioo kikawa chekundu. Nimekufa. Sekunde mbili baadaye naye akafa, kwa kuwa alikuwa amerudi kunivuta.

"Mama!" Alivua vipokea sauti. "Unasimama kunigombeza kwenye risasi?"

"Mimi ni mama yako. Huniambii toka."

"Ni neno la mchezo! Ukipita geti, kioo kinaandika 'UMETOKA' kwa kijani. Maana yake umepona na mzigo wako. Sote tunalitafuta hilo neno. Ni neno zuri kuliko yote."

Nilikunywa chai, ilikuwa imeshapoa. "Kwa hiyo ni neno zuri."

"Humu ndani, ndiyo," alisema.

Nilitazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Nikasema tuingie tena.

Safari hii niliongoza mimi. Katika mji ule kulikuwa na hospitali iliyobomoka, na wachezaji wote walikuwa wanagombania wodini. Hakuna anayeweka dawa ya bei kubwa wodini. Nilimpeleka Sindano nyuma, chini, mwisho wa ukumbi, kwenye mlango mdogo usio na kibao, na kabati lilikuwa palepale ambapo mimi ningeliweka. Tulikuta maboksi kumi na matano ya dawa ya ganzi na kifuko cha vipimajoto chenye thamani ya mia tano. Yote niliyapanga kwenye mkoba wangu, ili Sindano awe mwepesi wa kupigana, isipokuwa boksi moja nililotia mfukoni mwangu kama akiba.

"Mia tisa mfukoni na elfu kumi na tatu na mia moja mkobani," nilisema. "Jumla elfu kumi na nne. Sanduku limepatikana."

"Mama, umejuaje?"

"Wewe tembea."

Tulikuwa tumeshaliona geti alipopigwa. Hakufa, alianguka, na mtu wake akawa anatambaa kwenye vumbi. Zilikuwa zimebaki sekunde sabini. Nilijaribu kumnyanyua, simu ikakataa: ili kumbeba mwenzako, lazima uweke mkoba chini.

"Niache," alisema. "Wewe toka. Mzigo unao wewe, ukitoka tunapata sanduku."

"Na wewe?"

"Mimi nakufa tu. Ni mchezo, mama. Toka."

Alisema kwa sauti ileile aliyozungumza nayo na shangazi yake kwenye simu, sauti ya mtu aliyekwisha kufunga begi.

Nilibonyeza weka chini.

"Mama! Umemwaga mkoba wote!"

"Najua. Nilipanga mimi."

"Chukua! Bado kuna muda, chukua!"

"Sitoki bila wewe." Nilikuwa nimeshamnyanyua, natembea kwa kidole kimoja, nagonga ukuta, nanyooka. "Siku ile nilisema neno baya. Sufuria ni sufuria. Niliona moshi, nikadhani umeungua wewe, na nilipokukuta mzima nikakasirika kwa kuogopa. Nisingekutoa. Siwezi kukutoa. Geti liko wapi, sioni!"

"Kushoto," alisema, akiinamia simu yangu. "Kushoto zaidi, mama. Hapo."

Kioo changu kikaandika UMETOKA. Chake pia.

Tulikuwa na lile boksi moja la mfukoni. Punje mia tisa, na zake mia tatu.

"Vitu vyangu vyote vitafutwa," alisema.

"Msimu mpya unaanza lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu mimi narudi saa kumi. Kompyuta iko hapa."

Nilikwenda kwenye pochi yangu ya kazini nikachukua kitabu cha hati za kurudisha mali. Ghalani kitu kikitolewa kimakosa, hatulii, tunaandika hati. Nilijaza: *Binti, mmoja. Hali: mzima, mkaidi. Mahali pa kuhifadhi: palepale.*

Honi ililia nje, kisha shangazi akaingia bila kubisha, kama kawaida yake.

"Wifi, mzigo uko wapi? Nimeegesha vibaya."

"Muulize mzigo," nilisema.

Sindano alikuwa anasoma hati niliyompa. Aliisoma mara mbili, macho mekundu, kisha akanirudishia na kuweka kidole penye mstari wa chini kabisa.

"Hapa hujasaini."

Niliangalia. *Aliyetoa kimakosa.*

Nilisaini.

"Shangazi, kaa unywe chai," Sindano alisema, akalibeba begi kurudi chumbani.