Kitabu cha Uwanja wa Eleuterio

Kila alfajiri, kabla hata ya kahawa, Eleuterio Suesca alivua viatu, akakunja suruali na kuingia kwenye sanduku la udongo kuukanyaga, kisha kuulainisha kwa mikono. Miaka thelathini na mmoja hakukosa, hata siku aliyomzika mkewe. Udongo wa mchezo wa tejo ukikaa siku mbili bila maji unapasuka, na ukipasuka haushiki chuma. Jumapili baada ya misa watu wa kijiji cha Chicuasa walikuja na visahani vyao vizito vya chuma, wakavirusha kutoka mbali kuelekea kwenye lile sanduku, na kimoja kikigonga vikaratasi vya baruti vilivyopangwa juu ya udongo, pa! Uwanja mzima unapiga kelele, na upande ulioshindwa unanunua bia. Huo ndio mchezo wenyewe, na uwanja huo ndio uliomsomesha Marleny, mtoto wake wa pekee.

Marleny alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisomea usimamizi wa burudani, michezo na utalii. Wazee wa uwanjani walimtania wasichoke. Waliuliza kama siku hizi hata kucheza kunataka shahada, na Saturnino muuza nyama akataka kujua kama kuna mtihani wa kunywa bia, maana huo angeupasua bila kusoma. Eleuterio alicheka nao, lakini mgeni akipita tu anamvuta pembeni na kumwambia kwamba binti yake anasomea kazi ambayo yeye anaifanya bila cheti.

Ukafika wakati wa mradi wa kuhitimu. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mahali pamoja pa michezo akapakague usalama wake kuanzia mlangoni hadi chooni. Wenzake walichagua mabwawa ya kuogelea na kumbi za mazoezi. Marleny akachagua kwao, akiona anampa baba yake heshima. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simlaumu sana, kwa sababu nani kati yetu asingechagua kwao?

Alikaa nyumbani wiki mbili akipima. Baba yake ndiye aliyemshikia ncha ya pili ya futikamba. Ndiye aliyemwonyesha watazamaji wanaposimama, karibu na sanduku kiasi cha kuligusa, na kabati anamoweka baruti, ukutani mwa jiko. Marleny alipouliza kuhusu ajali, mzee alimwaga zote huku akijipiga mapaja kwa kicheko: jino la Saturnino, ndama wa jirani, kisahani kilichopotea njia kikaingia dirishani kwa padri. Kisha akashusha sauti. Akamwambia kwamba sikio lake la kushoto limekufa, miaka kumi na miwili sasa, tangu baruti ilipomlipukia karibu na shavu, na kwamba ndiyo maana kila anapokaa anawageuzia watu upande wa kulia. Hakuna aliyewahi kushtukia.

"Hiyo ni yetu wawili, mwanangu," alimwambia.

Lakini fomu ilikuwa na mstari unaouliza majeraha ya kudumu, na Marleny alikuwa mwanafunzi mzuri. Akaujaza.

Mhadhiri wake, Bi. Quintero, alisema ana miaka hajaona kazi ya kweli namna ile, akampa maksi zote. Marleny akaijalidi kwa rangi ya buluu na maandishi ya dhahabu, akampelekea baba yake nakala. Eleuterio alikuwa akijua herufi chache tu, zile za kuandika jina lake, na akaliona jina hilo pale juu ya jalada. Alilibusu. Kitabu akakiweka kwenye rafu chini ya picha ya Bikira Maria, katikati ya chupa, na mchezaji aliyetaka kukishika alilazimishwa kwanza anawe mikono. Hakuna aliyekisoma. Nani anakwenda kwenye tejo kusoma kitabu? Kila Jumapili mzee alitangaza kwamba uwanja wake uko chuo kikuu, watoto wa watu wanausomea.

Marleny aliona kabisa kwamba baba yake anadhani kile ni kitabu cha sifa. Alikusudia kumweleza. Akasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa nyingine.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba idara yake ilikuwa na makubaliano na halmashauri za wilaya, na miradi bora ilitumwa huko ikafanyiwe kazi. Jumatano moja asubuhi akafika kijana wa halmashauri, mpole, viatu vinang'aa, mkononi ana amri ya kufunga uwanja. Hadi mzee ajenge ukuta, uzio na stoo ya baruti, mambo ambayo hata angeuza nyumba asingeyamaliza. Saturnino na wazee wengine wawili walikuwepo, na baadaye ndio waliosimulia. Eleuterio hakuogopa hata kidogo. Alimwambia kijana asubiri, akanawa mikono, akakishusha kitabu cha buluu rafuni.

"Soma hiki, kijana. Kimeandikwa chuo kikuu. Kitakwambia uwanja huu ni wa namna gani."

Kijana akafungua mkoba, akatoa kingine kama hicho hicho. "Sisi tumeshakisoma, mzee wangu. Ndicho kilichotuleta."

Halafu, kwa nia njema kabisa, akazunguka akasimama upande wa kulia wa mzee, akapaza sauti ili amsikie vizuri. Wale wazee wakatazamana. Saturnino alisema hajawahi kumwona Eleuterio akiona aibu, na siku ile alimwona.

Ni Saturnino huyohuyo aliyempigia Marleny simu. Marleny alikwenda mbio ofisini kwa Bi. Quintero akaomba mradi wake uondolewe, isemwe kwamba una makosa. Mama yule hakuwa mkali. Alimweleza kwamba inawezekana, ila asiye na mradi hahitimu, atarudia mwaka mzima. Kisha akamuuliza kama kuna mstari hata mmoja alioandika uongo. Marleny aliutafuta mstari huo kichwani, akautafuta kwa moyo wote, asiupate.

Alimkuta baba yake uwanjani, nyuma ya utepe wa halmashauri, amekaa kwenye kreti ya bia. Mzee alimsogezea kreti nyingine. Alimpa kitabu.

"Nisomee mimi niko wapi humo."

Marleny akamsomea ukurasa wa arobaini na moja. Alisoma yote: umbali, kabati, jino, ndama, sikio. Eleuterio alisikiliza akitikisa kichwa kukubali kila jambo, kama mtu anayehakiki mzigo wake.

"Yote kweli. Ni mimi niliyekwambia," alisema. "Na udongo je? Pale pa kwamba naukanyaga kila asubuhi, ni ukurasa gani?"

"Fomu haina sehemu hiyo, baba."

"Ahaa."

Hiyo "ahaa" ilimuuma Marleny kuliko tusi lolote. Akaanza kulia, akasema anaurudisha mradi, mwaka si kitu, atarudia. Hapo tu ndipo baba yake alipokasirika.

"Usithubutu. Nimekanyaga udongo huu upate ile karatasi. Ukiirudisha, nilikuwa nakanyaga bure."

Marleny hakuurudisha.

Siku ya mahafali Eleuterio alikuja mjini amevaa ruana yake, shuka la sufu la kujitanda mabegani, lililofuliwa mpaka likapauka, na kofia ya kanisani. Akakaa safu ya tatu, shingo kaigeuza, sikio la kulia likielekea jukwaani. Mkuu wa kitivo alitaja kazi za mwaka ule zilizokwisha kutumika nje ya chuo, na akasoma, kwa kipaza sauti, jina la uwanja wa tejo wa Eleuterio Suesca, Chicuasa. Mzee akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alivua kofia, akaishika kifuani, na ukumbi mzima, usiojua lolote, ukampigia makofi.

Marleny alimkimbilia na joho lake, akamkumbatia, na mdomo wake ukaangukia sikio la kushoto. Hapo akayasema yote: nisamehe baba, nimekuulia uwanja wako, nisamehe. Mzee akampigapiga mgongoni.

"Njoo upande huu, mwanangu. Huko hakuna mtu."

Akahamia kulia. Akasema tu asante kwa kuja.

Baba yake akamshika mkono kumpongeza, na Marleny akautazama mkono ule. Kucha zilikuwa nyeupe. Ngozi imeanza kulainika. Tangu azaliwe hakuwahi kuuona bila udongo.